Majirani wa Uvimbe

Siku ya Jumanne, jua likianza kulegea, Gertrude alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko lake pale Kikula, anachagua maharagwe. Mabovu aliwatupia kuku wa jirani, mazima aliyaacha kwenye sinia. Akasikia mtu anatwanga. Mchi ulipanda na kushuka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na Gertrude akajua kwa mlio tu kwamba ni sombe, maana majani ya muhogo yana mlio wake wa majimaji ndani ya kinu. Akafurahi. Alidhani ni Madeleine wa upande wa pili wa ukuta, ambaye zamani akitwanga sombe hakukosa kupitisha bakuli moja kwa jirani yake.

Akasimama akachungulia. Madeleine hakuwepo, na kinu chake kilikuwa kimefudikizwa juani, kikavu. Gertrude akarudi kwenye kigoda, akainamisha shingo, akasikiliza vizuri. Mlio ulikuwa unatoka kwenye titi lake la kushoto, pale penye uvimbe. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza kama kuna mwenye chumvi, na nyingine ikajibu kwamba ipo, aje achukue. Gertrude akamaliza maharagwe yake, akayaosha, akayabandika kwenye mbabula, jiko lake la makaa.

Hakushtuka, na hakuna aliyetegemea ashtuke. Kikula si mahali pa kushangaa ovyo. Nyaya za umeme kutoka bwawa la Koni zinapita juu ya mapaa, na chini yake watu wanawasha mishumaa. Kuna siku moshi unateremka kutoka viwandani na nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi, na mwenye nguo anashukuru kwamba hazikutoboka. Mtu aliyezoea hayo, titi likitwanga sombe, anakaza khanga na kuendelea na kazi.

Uvimbe aliugundua mvua zilipoanza, alipokuwa anaoga. Hapo mwanzo ulikuwa mdogo na kimya. Hospitalini walikata kipande, wakakipeleka Lubumbashi, na jibu liliporudi lilikuwa lile ambalo kila mtu wa avenue, ule mtaa wao, alikuwa ameshalijua kabla yake. Tangu siku hiyo watu walianza kupungua. Hawakumtukana, wala hakuna aliyemfungia mlango. Madeleine aliwahi kuja, akaketi kizingitini badala ya kuingia. Safari iliyofuata alisimama kwenye lango. Baadaye akawa anamsalimu juu ya ukuta, na mwishowe ukuta ukabaki peke yake. Kanisani, kwenye benchi la kwaya ya kina mama, nafasi iliachwa kulia kwake na nyingine kushoto kwake, kana kwamba kuna wageni wanaongojwa.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa cha bombani. Mwanamke anaweza kujitua bidoni la maji peke yake, lakini kujitwika peke yake, bidoni likiwa limejaa na mkono wa upande wa uvimbe umelegea, haiwezekani. Lazima mwenzio alishike upande wa pili. Gertrude alikuwa akijaza bidoni lake na kusimama kando yake, na kila aliyefika alikumbuka kitu alichosahau nyumbani. Basi akaacha bidoni, akawa anateka kwa sufuria ndogo, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Mume alikwisha kufa. Mwanawe Rolly alikuwa Kolwezi, na ndiye aliyempa jina lake pale mtaani, mama Rolly, ingawa yeye mwenyewe alionekana kwa nadra kuliko mvua ya Julai.

Dokta Nicolas alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi mara moja moja, barabara ikiruhusu. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Aliweka kipimo chake cha kusikilizia kwenye titi la Gertrude, akafumba macho, akasikiliza.

“Mama,” akasema, “uko na batu humu.”

“Nayua, dokta. Leo banatwanga.”

“Ni nyama ya pembeni. Uvimbe yenyewe haiko na nguvu. Haina mikono, haina miguu. Ni hawa ba pembeni njo banaitunza. Banailetea damu. Banaijengea lupango. Na kama baaskari ba mwili banafika kuitafuta, bao banabaambia, hapana, haiko hapa, imetoka.”

“Basi ni majirani bazuri.”

“Bazuri sana,” dokta akakubali. “Njo shida yake.”

Akamweleza taratibu. Zamani walikuwa wanaupiga uvimbe wenyewe. Ukipigwa unapungua, watu wanashangilia, kisha unarudi, kwa sababu wale walio kandokando wanaulea upya. Sasa kulikuwa na dawa nyingine, bado inajaribiwa, isiyougusa uvimbe hata kidogo. Inawaendea majirani. Wanaacha kuutunza, ukuta waliojenga unalegea, njia ya damu inaziba.

“Inabakia yenyewe, peke yake,” dokta akasema.

“Na kintu ikibakia yenyewe?”

Dokta Nicolas alikuwa anakunja mpira wa kipimo chake.

“Inakufwa, mama.”

Gertrude akafunga vifungo vya blauzi. Alikuwa na swali jingine, na aliona haya kuliuliza, lakini akaliuliza.

“Na bale majirani? Bataenda wapi?”

“Habaendi fasi ingine. Ni nyama yako. Batanyamaza tu.”

“Uniache kwanza niwaze.”

“Waza, mama. Lakini safari yenye nitarudia, unipe jibu. Ya nyuma yake, itakuwa nimechelewa.”

Gertrude alirudi nyumbani kwa miguu, akipita kwenye miti ya jakaranda na malori ya madini yaliyopanga foleni. Jioni alikula maharagwe yake akiwa ameketi kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza alisikiliza kwa makusudi, kama mtu anayefungua redio.

Walikuwa wengi. Kulikuwa na mwanamke mwenye kicheko cha kukwaruza, na fundi mmoja aliyekuwa anapigilia mbao kwa mbao. Mtu alikuwa anarudi kutoka kisimani na mwingine anamwambia, “Ngoya nikutwike.” Wote walikuwa wanakwenda sehemu moja. Walifika, wakapiga odi, wakauliza hali. Umeamukaje? Unaumwa wapi leo? Tumekuletea uji, kunywa kidogo. Uvimbe haukujibu. Haukushukuru hata siku moja. Watu wale walikaa nao kidogo, wakasimuliana habari zao, wakaaga, na kesho yake wakarudi.

Gertrude aliona wivu. Tuliseme bila kuzungusha: mama mzima, mwenye rozari shingoni, aliuonea wivu ugonjwa wake mwenyewe. Kuna jioni alijikaza akawaamkia. “Bamama, jambo yenu,” akasema, kinywa akikielekeza kifuani. Wakanyamaza kidogo, kama watu wanavyonyamaza lori likipita, kisha wakaendelea. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa na mgonjwa wao.

Hata hivyo alizoea. Akawa anarudi mapema kutoka kanisani ili asipitwe. Alijua nani amegombana na nani, nani amepika nini. Akilala, alilalia upande wa kulia ili asiwabane. Na kadiri safari ya dokta ilivyokaribia, shauri lilizidi kumlemea, nalo lilikuwa shauri moja tu: apone abaki na kimya, au afe akiwa na watu. Mtu yeyote wa nje angesema hilo si shauri la kufikiriwa. Lakini mtu wa nje hakuja kulisema.

Jumamosi moja asubuhi, wale wa ndani waliamka na kazi kubwa. Uvimbe ulikuwa umeongezeka na ulihitaji chumba kingine, kwa hiyo waliitana wote kuja kujenga. Waliburuta mabenchi, waligonga masufuria, wanaume wakaitana kwa sauti, na wanawake wakaimba chinichini ule wimbo wa kazi usio na maneno. Gertrude alikuwa kwenye kibanda cha kuogea nyuma ya nyumba na ndoo yake, na hakuona sababu ya kuwakatiza.

Madeleine alikuwa upande wa pili wa ukuta na mwiko mkononi. Akasikia mabenchi yanaburutwa kwenye lupango, ua wa Gertrude. Akasikia masufuria makubwa na uimbaji wa chini wa wanawake wengi. Pale Kikula nyumba ya mgonjwa haijai watu hivi hivi, inajaa kwa sababu moja tu. Madeleine akaangusha mwiko, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe lililofika hadi bombani.

Mambo ya kilio yana mwendo wake, na avenue ile iliujua vizuri. Alphonse, chefu wa avenue, aliyekuwa anatunza lile turubai kubwa wanaloliita bashi, alilitoa na kamba zake. Matawi yakatandazwa barabarani ili madereva wajue kuna msiba wapunguze mwendo. Gogo likaburutwa na kuwashwa uani, mahali wanaume watakapoketi. Samaki wa barafu wanaoitwa thomson wakanunuliwa, mchango ukapita mkono kwa mkono. Wanawake waliingia sebuleni wakaanza kutoa vyombo nje, maana wafiwa huketi chini, na kochi kwenye kilio ni aibu.

Gertrude alitoka kuoga akiwa amejifunga liputa, nywele zinadondoka maji, akakuta wanaume wawili wamekwama mlangoni na kabati lake.

“Muinamishe kwa chini,” akawaambia. “Muguu moja unafunguka.”

Wakainamisha, likapita. Walikuwa wameshalifikisha uani ndipo walipogeuka kutazama ni nani aliyesema. Uimbaji ukapungua, ukaisha. Alphonse akavua kofia, lakini alikuwa ameshaivua kwa ajili ya msiba, kwa hiyo akaivaa kwanza ndipo akaivua tena.

“Mama Rolly,” akasema. “Tulikuwa tunakulia.”

“Naona, chefu. Aksanti sana.”

“Tulisikia batu bengi mu nyumba yako. Tukasema, bon, ni kilio.”

“Batu beko kweli. Beko huku.” Akaonyesha titi lake.

Madeleine akasogea. Akasita kidogo, kisha akainama, akaweka sikio juu ya liputa. Tangu mvua zilipoanza hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Gertrude isipokuwa waganga wa hospitali, na yeye alisimama wima, akitamani jirani yake asikilize mpaka jioni.

“Banajenga,” Madeleine akawaambia wenzake. “Beko bengi kuliko shiye bote hapa.”

Watu wakatikisa vichwa. Sasa kulikuwa na tatizo la taratibu. Bashi ikishafungwa haifunguliwi siku ileile, na moto wa kilio ukizimwa kabla ya mazishi unaita kifo kingine. Tena samaki walikuwa wameshatiwa chumvi. Alphonse aliwaza, akiwa ameshika kiuno.

“Kilio iko,” akakata shauri. “Na mwenye kilio eko. Tuendelee.”

Wakamtandikia Gertrude godoro chini, katikati ya sebule, mahali pa mfiwa mkuu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye haki ya kulikalia.

Zile ndizo zilikuwa siku zake njema. Watu walilala pale wote, wanaume nje kuzunguka gogo, wanawake ndani kwenye mikeka, miguu huku na vichwa kule. Alipewa chai kabla hajaiomba. Maji yaliletwa kwa mabidoni, na yeye hakuruhusiwa hata kuyatazama. Walizungumza habari zake kwa kirefu, kama inavyopasa.

“Alikuwa anapenda batu,” mama mmoja wa kwaya akasema, akimpa bakuli la ugali wa bukari na samaki.

“Ninapenda bado,” Gertrude akasema.

“Alikuwa anapenda sana,” yule mama akakubali, akajifuta macho.

Baada ya hapo Gertrude hakusahihisha mtu. Alisikia mema yake yote, na mengine hakuyakumbuka, na hata lile deni la ugomvi wake na mama wa maandazi lilisamehewa mbele ya watu. Aliimba nao. Sauti yake ya pili ilikuwa imekosekana kwenye kwaya, wakamwambia hivyo, ingawa waliliambia godoro.

Rolly alipiga simu kutoka Kolwezi analia. Alphonse ndiye aliyekuwa amempasha habari. Gertrude akapokea mwenyewe.

“Mama? Banasema ulikufwa!”

“Hapana. Batu balisikia bibaya. Niko.”

Kijana akashusha pumzi ndefu ya kweli, maana alimpenda mama yake.

“Mungu asifiwe. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ku kazi, nilikuwa ku gari. Basi, mama, nishuke. Nitakuya wakati ingine.”

“Njo vile, mwanangu. Shuka salama.”

Madeleine alilala ubavuni pake. Alimsuka nywele, alimkanda ule mkono uliolegea kwa mafuta ya mawese yenye moto kidogo. Mchana mmoja, wengine wakisinzia, alianza kulia, si kile kilio cha desturi.

“Mama Rolly, sikukuya kukuona.”

“Nilikuwa ninaona ukuta, mama Princesse.” Ndivyo alivyomwita, kwa jina la binti yake.

“Nilikuwa naogopa.”

“Unaogopa nini? Haiambukizake.”

“Hapana, haiko ile. Nilikuwa naogopa kukuya kuikala pale, weye unaniangalia. Nitakuambia nini? Mutu eko mugonjwa vile, unamuambia nini? Nikasema basi, nitakuya ku kilio. Kule nayua kintu ya kusema.”

Gertrude hakukasirika. Alimtazama Madeleine, mafuta yamemjaa vidoleni, akaona kwamba ni kweli tupu. Ndani ya titi mtu alikuwa anagonga mlango na kuuliza kama mgonjwa amekula.

Dokta Nicolas alipofika, alipita chini ya bashi, akaketi kidogo na wanaume kwa heshima ya msiba, akanywa chai, ndipo akaomba jibu lake. Gertrude akawatazama wanawake waliojaa sebuleni. Akawahesabia moyoni waliokuwa nje.

“Enda, mama,” Madeleine akamwambia. “Batoke bale ba ndani. Sasa uko na shiye.”

Gertrude akakubali. Alikubali kwa furaha, na ni hapo, wala si pengine, alipochagua kuishi. Madeleine alimsindikiza mpaka lango la hospitali akiwa amembebea kikapu.

Dawa ilining'inizwa kwenye chupa na kuingia kwa matone. Yeye alikuwa amelala upande wa kulia kama alivyozoea. Wa kwanza kunyamaza alikuwa yule wa mchi. Alisimama katikati ya kutwanga, kama mtu aliyeitwa, na hakurudi. Kesho yake fundi alishusha nyundo. Wengine walipita kwa mgonjwa wao wakaaga vizuri, wakasema tutarudia, wakafunga milango. Yule wa kicheko alifagia mbele ya nyumba yake kabla ya kunyamaza. Mwisho akabaki mmoja aliyekuwa analeta maji. Alitua bidoni lake chini, akapumua, na baada ya hapo hapakusikika kitu. Gertrude alilia kidogo, muuguzi akadhani ni dawa inayowasha.

“Inaenda muzuri,” Dokta Nicolas akasema, kipimo masikioni. “Ukuta umefunguka. Lakini nisikie vizuri, mama. Sasa kwa sababu iko yenyewe, itaanza kuita. Isikuhurumishe. Usiijibu. Inatafuta mutu moja tu, ikimupata, bengine banamufuata, na tunaanza upya.”

“Haikukuwa inasema.”

“Haikukuwa na lazima.”

Siku aliyoruhusiwa, alipanda pikipiki hadi mwanzo wa avenue na akashuka, akitaka kutembea kidogo ili watu wamwone. Matawi hayakuwepo barabarani. Kwenye lupango yake bashi ilikuwa imeondolewa, na mahali pa gogo palikuwa pamefagiliwa hata majivu hayakuonekana. Ndani, vyombo vilikuwa vimerudishwa kila kimoja mahali pake, na mguu wa kabati ulikuwa umepigiliwa msumari mpya. Nyumba ilikuwa safi sana. Gertrude akaketi kwenye kochi na kikapu chake magotini.

Alphonse akaja kumsalimu langoni.

“Mama Rolly, utatusamehe. Bashi iko kwa ba Pitshou. Mutoto yabo, shimo ya madini ilimuangukia kule Kambove.”

“Maskini. Mubape pole yangu.”

“Na kisha weye unapona. Kilio ya mutu mwenye kupona, batu batasema nini?”

“Uko na haki, chefu.”

Alphonse alifurahi kwa ajili yake kweli, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake. Madeleine naye alipita na mkeka kwapani, akielekea kwa akina Pitshou. “Mungu ni mukubwa!” akamwimbia akiwa barabarani. “Umenawiri!” Gertrude akamwambia karibu, na Madeleine akasema ndiyo, nitakuya, bila shaka. Kisha zikaja siku nyingine, na ukuta ulikuwa pale.

Uvimbe ulianza kuita jioni moja alipokuwa anakunja nguo.

“Odi?”

Sauti ilikuwa ndogo na yenye kutu, sauti ya mtu ambaye hajaitumia. Gertrude akaendelea kukunja.

“Odi? Kuko mutu?”

Akafungua redio. Palikuwa na mahubiri, akayapandisha. Lakini kitu kilicho ndani ya mwili hakifunikwi na redio, na ulipokuwa unaita aliusikia mpaka kwenye meno. Haukuomba makubwa. Uliuliza wale watu wameenda wapi. Ulisema una kiu. Kesho yake ulisema umemkumbuka yule wa kicheko. Gertrude aliosha masufuria yaliyokuwa safi. Ilimuuma, ilimuuma vibaya, kwa maana maneno yale yote aliyajua, alikuwa ameyasema yeye mwenyewe kwa kuta za nyumba ile. Ulimi ulimjia mara nyingi. Akaubana. Na ajibu nini?

Jioni nyingine ukasema kwamba kuna siku ulimsikia akiwaamkia. Ulitaka kuitikia, ukaona haya, kwa kuwa hawakuwa wamejuana. Gertrude akainuka akaenda nje kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu, lakini alisimama pale mpaka giza likaingia.

Sauti ikawa inapungua. Mwishowe haikusema maneno, iligonga tu, taratibu, kwa kucha moja. Kisha asubuhi moja hakusikia kugonga. Alisubiri akiwa kitandani. Akasubiri akiwa na chai yake mkononi mpaka ikapoa. Akauminya uvimbe kwa vidole, na ulikuwa mdogo, mgumu, baridi, kama kokwa ya tunda iliyotemwa.

Alikuwa hai, na atakuwa hai, dokta angemthibitishia baadaye kwa picha. Lakini Gertrude alikuwa mtu wa Kikula, na nyumba iliyofiwa alijua inafanyiwa nini. Akafunga kitambaa kichwani. Akatoa viti nje kimoja kimoja, akaburuta meza, akalisukuma kochi mpaka mlangoni likagoma. Akatandika mkeka katikati ya sebule, akaketi juu yake, miguu ameinyoosha.

Madeleine alichungulia juu ya ukuta, akaviona viti.

“Mama Rolly! Unahama?”

“Hapana. Niko na kilio.”

Upande wa pili sufuria ikashushwa motoni, na baada ya muda mfupi Madeleine akaingia kwa lango, akaruka juu ya kochi, mkeka wake mkononi, tayari amejifunga liputa kiunoni.

“Nani alikufwa?”

“Wa humu,” Gertrude akasema, akagusa titi.

“Oh! Pole, mama. Pole sana.” Akaketi karibu naye, bega kwa bega. “Aliugua sana?”

“Aliugua.”

“Kulikuwa mutu wa kumuangalia?”

“Haikukuwa. Alikuwa eko peke yake. Alikuwa anaita.” Gertrude alitazama mikono yake. “Nilikuwa ninamusikia, mama Princesse. Kila siku nilikuwa ninamusikia.”

Madeleine akamshika mkono, akaukanda kwa upole pale kwenye kiwiko.

“Ungemuambia nini sasa?” akasema.

Kisha akarudisha kichwa nyuma, akapiga yowe refu, lile la desturi, ili avenue isikie na watu wajue kwamba sasa wanaweza kuja.